Mzabibu wa Baba Yasmin

Mbegu zilikuwa nyeupe. Hilo ndilo jambo la kwanza Mwaisha aliloliona, na kama angekuwa mtu wa kuusikiliza moyo wake angeimwaga ile juisi yote siku ileile. Lakini nani amwage jasho la mumewe? Alikuwa amesimama jikoni kwake Kihonda, asubuhi ya Jumamosi, mikono imelowa hadi viwikoni, akikamua zabibu za mavuno ya kwanza kwenye kitambaa cha kuchujia tui. Juisi ilichuruzika vizuri, nyekundu ya kuiva. Kilichobaki kitambaani kilikuwa maganda pamoja na vipande vidogo vyeupe, vigumu, vyenye ncha. Alikitia kimoja kinywani akakiuma. Kikalia kacha, na ulimi ukapata ladha ya supu.

"Baba Yasmin," aliita, "hivi zabibu za Dodoma mbegu zake nyeupe?"

"Kuna aina na aina," Twalibu alijibu kutoka uani kwa sauti ya profesa. "Wewe kamua tu."

Twalibu hakuwa profesa. Alikuwa fundi umeme wa kiwanda kidogo cha magunia, mtu wa Tabora aliyeletwa Morogoro na kazi na kubakishwa na Mwaisha. Miaka mitatu nyuma rafiki yake alimletea kutoka Dodoma kijiti chenye macho matatu ya kuchipua, kimeviringishwa ndani ya gazeti lililoloweshwa maji, na tangu siku hiyo hakuwa na mazungumzo mengine. Wenzake wakizungumza mpira, yeye samadi. Alijiunga na kundi la simu la watu wanaopanda matunda nyumbani, akawa hapati usingizi bila kusoma ushauri wao. Alichimba shimo la kina cha kiuno, akalijaza peke yake huku mlango wa ua umefungwa kama mtu anayeficha dhahabu, akasimamisha kichanja cha mabomba ya chuma, na mzabibu ukapanda kwa kasi iliyomshangaza hata yeye. Majirani walimtania kwamba amehamia Dodoma bila kupanda basi.

Na ulizaa kweli. Ndoo mbili za vichala! Mwaisha alikamua juisi, akapika jemu, na nyingine akazianika juu ya bati ziwe zabibu kavu za pilau. Jirani yao Cecilia, mwalimu wa shule ya msingi, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuonjeshwa.

"Tamu jamani, Mama Yasmin," alisema akilamba midomo. Kisha akakunja uso. "Ila umechemshia kwenye sufuria la supu?"

"Sufuria jipya, dada."

"Basi pua zangu hizi. Maana inanukia mifupa."

Wakacheka wote wawili.

Yasmin alikuwa na miaka mitano. Alipatikana baada ya mimba mbili kuharibika, kwa hiyo hata akipiga chafya nyumba nzima ilisimama. Alikuwa mtoto wa mbio. Kumkalisha chini asukwe nywele ilikuwa vita, na ndiyo maana Mwaisha anaikumbuka sawasawa Ijumaa ile, kwa kuwa siku hiyo mtoto alitulia tuli katikati ya magoti yake, mikono juu ya mapaja, akiimba kwa sauti ya chini.

Twalibu alikuwa ametoka msikitini na kwenda moja kwa moja kichanjani na mkasi wake wa kupogolea. Mzabibu usipopogolewa hauzai tena. "Ni mmea unaotaka kuumizwa," alipenda kusema, na alikuwa akilisema neno hilo kila mara kama kwamba ameligundua yeye. Jua lilikuwa bado karibu na utosi. Mwaisha alisikia mkasi ukishika tawi huko nje: kacha. Na papo hapo, palepale magotini pake, akasikia kacha ya pili.

Mkono wa kulia wa Yasmin ulikuwa umepinda pasipo na kiungo.

Hospitalini daktari aliuliza kwa upole mtoto ameangukia wapi. "Hajaanguka," Mwaisha akajibu, "alikuwa amekaa." Daktari akatazama picha ya eksirei, akamtazama mama, akatazama tena picha, kisha akaandika kitu kirefu kuliko jibu alilopewa. Yasmin akafungwa hogo jeupe la plasta kutoka kiganjani hadi juu ya kiwiko, wakarudi nyumbani. Njia nzima Twalibu alikuwa amembeba mtoto akimwimbia. Hakuwa baba wa mchezo, tuseme ukweli. Alimpenda mtoto yule kupita kiasi.

Siku ya nne Mwaisha alifanya jambo ambalo hadi leo hajamsimulia mtu. Alitoka uani mtoto akiwa ndani anachora kwa mkono wa kushoto, akasimama chini ya kichanja, akashika ule uzi mwembamba wa kijani ambao mzabibu huutumia kujisokotea kwenye bomba. Alijua anachotaka kukijua. Nusura auache. Akaukata kwa kucha.

"Mama!" Yasmin alilia kutoka ndani. "Mama, kidole!"

Kwenye kile kidonda kidogo cha mmea lilitoka tone la maji mazito. Lilinukia supu.

Kuanzia hapo hakuna aliyeruhusiwa kuugusa mzabibu. Alimwambia Twalibu tu kwamba auache, wala hakusema kwa nini, kwa sababu kuna maneno ambayo mtu akiyatamka yanakuwa kweli. Twalibu alinuna, akatii. Na mzabibu, uliokatwa tawi moja tu, ukachipua upya pande zote, ukatoa maua kabla ya wakati wake. Nyuki hawakuyasogelea. Kuku wa Cecilia, ambao huingia ua wa kila mtu bila hodi, walifika kwenye ukingo wa kivuli cha kichanja wakageuka. Mtoto naye alianza kukonda. Alikula, tena alikula sana, ila chakula kilikuwa kama kinapita ndani yake kwenda pengine.

Jumatano moja, saa sita na nusu mchana, Mwaisha alitoka dukani na unga akamkuta Yasmin amekaa kwenye kigoda chini ya kichanja, miguu ameinyoosha mbele.

"Unaongea na nani, mwanangu?"

"Na huyu. Ananihesabu mifupa ya mguu."

"Nani huyo?"

"Huyu asiyeweza kusimama."

Mwaisha alitaka kucheka, akataka kumkaripia mtoto aache maneno ya ovyo, lakini harufu ilimfikia kabla ya sauti yake mwenyewe, harufu ya buchani asubuhi, ya damu na manyoya na udongo mbichi, na ndipo alipogundua kwamba hakuna upepo wowote uani na bado vivuli vya majani pale chini vinasogea, vinajikusanya pamoja nyuma ya kigoda cha mtoto, vinajiinua kimo cha goti, kimo cha paja, kitu chenye mgongo na pembe moja kinachojaribu kusimama kwa miguu inayokunjika kila mahali, huku na huku, pasipo na viungo, na kila kinapokunjika kinalia kacha, kacha, kacha, kinaanguka na kujikusanya tena kwa subira ya mtu mwenye muda wote wa dunia, na mtoto wake anakitazama bila woga wowote na kukiambia taratibu, "Pole. Jaribu tena."

Mfuko wa unga ulipasukia chini. Alimnyakua Yasmin, akakimbia naye ndani, akafunga mlango, akamsomea Ayatul Kursiyyu hadi koo likakauka. Twalibu alimkuta hivyo aliporudi kutoka kazini jioni, amejifungia chumbani na mtoto amelala mapajani.

"Baba Yasmin," alinong'ona, "kwenye lile shimo uliweka nini?"

"Samadi."

"Na nini?"

"Samadi, na majivu. Kuna nini kwani?"

"Na nini, Baba Yasmin?"

Twalibu alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Alikuwa mtu asiyejua kusema uongo, alijua kunyamaza tu. "Mifupa," alisema mwishowe. "Kwenye lile kundi walisema mzabibu unapenda mifupa. Iliyopondwa. Mimi sikuwa na mifupa, na ile... ile ilikuwa ya kuzikwa tu. Nikasema, si nitakuwa nimeizika?"

Mwaisha hakuuliza mifupa ipi. Alikuwa ameshajua.

Walimfanyia Yasmin akika akiwa na miaka miwili. Mama yake Mwaisha alishuka kutoka Kinole kusimamia, akasimama karibu na wachinjaji na kisu chake mwenyewe ili nyama ikatwe kwenye maungio tu, maana mifupa ya mbuzi wa akika haivunjwi hata mmoja. Mbuzi yule humwakilisha mtoto, kiungo kwa kiungo, na mifupa yake ikizikwa mizima ndiyo dua ya kwamba ya mtoto nayo ibaki mizima. Kila mtu anajua hivyo. Twalibu alijua. Alikabidhiwa kapu lenye mifupa yote, imehesabiwa, akaambiwa akazike.

"Uliipondea nini?" Mwaisha aliuliza.

"Nyundo," alisema Twalibu, akajifunika uso.

Aliyeitwa ni Mjomba Halidi. Alikuwa kaka wa mama yake Mwaisha, mwalimu wa madrasa huko Kinole mlimani, mtu wa kuandikia wagonjwa kombe na kuwaombea dua, ambaye watu walikuwa wakimfuata kwa miguu hata wa kata za mbali. Zao na Twalibu hazikuwa zikiiva. Siku ileile ya akika, mzee alipoomba dua alimtaja mtoto kwa ukoo wa mama yake, kama Waluguru wote wafanyavyo, na Twalibu akamkata kauli mbele ya wageni: "Samahani mzee, kwetu Tabora mtoto ni wa baba." Wageni walicheka. Mzee hakucheka.

Alifika kesho yake kabla ya adhuhuri, kapu begani, nguo zinanukia mdalasini wa shambani kwake.

"Shikamoo, mjomba," Twalibu alisema bila kuinua macho.

"Marahaba. Mtoto yuko wapi?"

Alimtazama Yasmin kwa muda mrefu, akampapasa goti na kifundo, kisha akatoka kuuzunguka mzabibu bila kuingia kivulini. "Msithubutu kuung'oa," alisema. "Mizizi yake imeshafika. Ukiung'oa huu, umemng'oa na huyu. Leteni mkeka. Tutaongea na huyo aliye chini yake sasa hivi, saa yake ni hii, kivuli cha mtu kikiwa kimejificha chini ya nyayo."

Mwaisha alikaa mkekani, mtoto mapajani. Mzee akatia ubani kwenye makaa, akasoma. Alisoma kwa sauti ndogo, bila haraka, kama anayehesabu mbegu. Moshi haukupanda, ulilala chini ukaelekea kwenye shina la mzabibu ukazama ardhini. Halafu kichwa cha Yasmin kikaegemea nyuma, na kinywa chake kikaanza kutafuna, ingawa hakikuwa na kitu.

"Nimekuja," ilisema sauti. Haikuwa ya mtoto. Ilikuwa ya mtu mzima sana mwenye kinywa kilichojaa.

"Nani wewe?" mzee aliuliza.

"Wa hapa. Kabla ya mikonge, kabla ya nyumba. Nilikuwa nimelala."

"Unataka nini kwa mtoto?"

"Sikuomba. Nililishwa. Mifupa yake nilipewa, na dua juu yake, huyu kwa huyu. Lakini aliyenipa kaiponda, nami siwezi kusimama. Nachukua mizima. Zabibu hizi zikiiva nimemaliza."

Mwaisha aliinua macho. Juu yao vichala vya pili vilikuwa vimeshafunga, vidogo, vigumu, vya kijani. Wiki ngapi? Sita? Saba? Alimkumbatia mtoto kwa nguvu hadi akajishtukia na kulegeza, akiogopa kumvunja.

"Nani kakupa?" mzee akauliza.

"Baba Yasmin."

"Baba Yasmin kakupa kisicho chake." Mzee Halidi alinyoosha mgongo, na sauti yake ikawa ya mtu aliye barazani kwenye kesi ya shamba. "Upo kwenye nchi ya Waluguru, na umesema wewe wa zamani, basi sheria unaijua. Mtoto ni wa lukolo, wa ukoo wa mama yake. Baba ni mgeni. Mgeni hawezi kutoa mali ya wenyeji, na aliyepokea cha wizi anakirudisha."

Kinywa cha Yasmin kilitafuna, kikatulia. Kisha kikacheka.

"Aseme yeye mwenyewe," ilisema ile sauti. "Mara tatu. Aseme si wake."

Wote wakamgeukia Twalibu. Alikuwa amesimama kando ya ukuta, mikono imening'inia. Mwaisha alimwona akifungua kinywa na kukifunga, na alimwelewa, jamani, alimwelewa kabisa, kwa kuwa ni huyohuyo aliyekesha naye katika mimba tatu, ni huyohuyo aliyeacha kuitwa Twalibu siku Yasmin alipozaliwa. Mtaa mzima, kiwandani, msikitini, alikuwa Baba Yasmin. Hilo jina alilivaa kama kanzu ya Idi.

"Mjomba," alisema kwa sauti ya kunong'ona, "ni maneno tu, sivyo? Nikisema ni kusema tu?"

Mzee alisogeza punje moja ya tasbihi.

Kacha. Kidole cha mwisho cha mguu wa Yasmin kilijikunja chenyewe. Mwaisha alipiga ukelele.

"Si wangu!" Twalibu alisema. "Mtoto huyu si wangu."

"Moja," ilisema sauti.

"Si wangu. Ni wa mama yake na ukoo wa mama yake."

"Mbili."

Mara ya tatu alilia kama mtoto, na maneno yakatoka vipande vipande, lakini yalitoka. Majani yote ya mzabibu yakatikisika mara moja, bila upepo, yakatulia. Yasmin alivuta pumzi ndefu. Rangi ikaanza kumrudia mashavuni, na Mwaisha akadhani yamekwisha. Ila kinywa cha mtoto kikafunguka tena, polepole, kama mlango unaosukumwa na mtu aliyekuwa akiondoka akakumbuka kitu.

"Na wewe mtoaji," kiliuliza, "chako ni kipi, basi?"

"Usijibu!" Mzee Halidi alipaza sauti.

"Mimi," Twalibu alikuwa ameshasema. "Nina mimi mwenyewe tu. Mwache mtoto."

Mzee akaufumba mkono wake juu ya tasbihi, akainamisha kichwa. Ubani ulipanda juu moja kwa moja, kama kawaida ya moshi. Yasmin akafumbua macho akaomba maji.

Mchana huo hadi alasiri walifukua kuzunguka shina kwa mikono, wakichekecha udongo kwenye chekeche la unga, wakaokota kila kipande cha mfupa hadi kilicho kidogo kama punje ya mchele. Mzee aliviosha, akavifunga kwenye kipande cha sanda, akaondoka navyo mlimani kwenda kuvizika penye makaburi ya ukoo. Alipokuwa akiaga alimpa Twalibu mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Usiukate, usiung'oe, msile matunda yake," alisema.

Zabibu ziliiva miezi miwili baadaye. Yasmin alishafunguliwa hogo, mkono umeunga vizuri, na mbio zake zimerudi na kelele zake zote. Hakuna aliyechuma. Vichala vilining'inia vikubwa, vyeusi, na siku moja nyuki wakaja, wengi. Mwaisha aliwaona kutoka mlangoni moyo ukamruka. Akasogea, akachuma tunda moja, akalipasua kwa kidole gumba. Mbegu mbili, za kahawia, laini. Alizitia mfukoni kama ushahidi, akashukuru Mungu kwa sauti, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi akahisi njaa.

Twalibu alikuwa amekaa kwenye kigoda chini ya kichanja. Siku hizi ndipo alipokuwa akishinda, hata mchana mkali, akifungafunga matawi kwa kamba bila kuyakata. Alikuwa amekonda. Cecilia akimsalimu juu ya ukuta, "Baba Yasmin, habari za kutwa," hakugeuka, na Mwaisha alijiambia ni uchovu wa kazi.

Yasmin alikuja mbio kutoka nje, akasimama ghafla ukingoni mwa kivuli, akamshika mama yake upindo wa kanga.

"Mama," alinong'ona, "yule mtu anayekaa pale ni nani?"

"Nani?"

"Yule. Anayelala kwetu."

Mwaisha akafungua kinywa. Jina alilomwita mumewe kwa miaka mitano lilimjia hadi kwenye meno, likakataa kutoka. Alimtazama Twalibu, na Twalibu alikuwa akimtazama mtoto kwa uso wa mtu aliyesikia kila neno. Akaweka kamba chini. Akashika bomba la kichanja ili asimame, na magoti yake yakalia kacha, la kushoto kwanza, kisha la kulia.